Sayari huioni, ila unaweza kujua inang'aa kiasi gani: vile mi hupiga hesabu ya albedo

Mara ya kwanza nilipojaribu hii hesabu nilipata kwamba sayari ya LTT 9779 b ni nyeusi kama mkaa. Albedo 0.056. Nikaandika kwenye daftari, nikapigia mstari mara mbili, nikaenda kulala nikiwa nimefurahi kweli. Kesho yake ndo nasoma kwamba hiyo hiyo sayari wataalamu wameipa karibu 0.80 na wanaiita kioo, moja ya sayari zinazong'aa kuliko zote zilizowahi kupimwa nje ya mfumo wetu wa jua. Nilikuwa nimegawanya kwa namba isiyo yenyewe, basi. Hilo kosa nitaonyesha huko chini, manake naona wengi wanaoanza wanaingia shimo lile lile.

Hii kitu haihitaji kompyuta kubwa. Kikokotoo cha simu chenye vitufe vya x² na eˣ kinatosha, na namba zenyewe ziko wazi bure kwenye hifadhi ya sayari za nje ya NASA, unaandika jina la sayari unapewa jedwali. Kazi ngumu ni kujua ile namba uliyoshika inamaanisha nini.

Albedo, kwa kifupi, ni ile sehemu ya mwanga ambayo kitu kinarudisha badala ya kumeza. Sufuria mpya na ile iliyopikia kuni miaka mitatu, zote ziko juani, moja inakurudishia mwanga machoni na nyingine inaumeza wote. Dunia yetu inarudisha kama 0.3 ya mwanga wote unaoipiga, Zuhura kwa sababu ya yale mawingu yake kama 0.76, na Mwezi, ambao usiku unauona mweupe pe, ni karibu 0.11 tu, yaani kwa ukweli ni wa rangi ya lami iliyozeeka. Unaonekana mweupe kwa sababu umezungukwa na giza.

Kuna albedo mbili na zinachanganywa kila siku, hata kwenye habari za magazeti. Ya kwanza ni albedo ya kijiometri: unailinganisha sayari ikiwa imekuelekea yote imeangazwa (kama mwezi mpevu) na sahani bapa nyeupe kabisa yenye upana ule ule. Ya pili ni albedo ya Bond, hii inahesabu mwanga wote, wa rangi zote, unaotupwa pande zote. Ya kwanza inatuambia sayari inaonekana vipi kwetu, ya pili inatuambia sayari inabaki na joto kiasi gani. Na hazifanani! Mpira uliopakwa chokaa safi isiyomeza chochote una albedo ya Bond ya 1, lakini ya kijiometri ni 0.67 tu kwa sababu mwanga wa pembeni unatawanyika kwingine. Alafu kuna Enceladus, ule mwezi wa barafu wa Zohali, ya kijiometri inafika 1.38 manake barafu yake inarudisha mwanga zaidi kule kule ulikotoka. Kwa hiyo ukipata zaidi ya 1 usikimbilie kufuta, kwanza jiulize umepima ipi.

Njia ya kwanza: subiri ijifiche

Sayari nyingi za mbali hatuzioni kabisa. Tunaona nukta moja ya nyota, na ndani ya ile nukta kuna mwanga wa nyota pamoja na kamwanga kadogo ka sayari. Sasa kama obiti imelala vizuri kwetu, sayari itapita mbele ya nyota (nyota inafifia kidogo, hapo tunapata ukubwa wa sayari), alafu nusu mzunguko baadaye itaenda kujificha nyuma. Kabla haijajificha unapokea mwanga wa nyota na wa sayari, ikishajificha unapokea wa nyota peke yake. Toa moja kwa nyingine, kilichobaki ni mchango wa sayari. Hiyo tofauti tunaiita kina cha kujificha na tunaipima kwa ppm, sehemu kwa milioni.

Ni ndogo kiasi gani? Kwa LTT 9779 b, darubini ya anga ya CHEOPS ya Ulaya ilipata kina cha 115 ppm, na majibu yakatoka 2023. Chukua gunia la mahindi la kilo 90. Sehemu 115 kwa milioni ya hilo gunia ni gramu 10 hivi, punje kama thelathini. Unapima gunia zima, mtu anatoa punje thelathini, unapima tena, na unatakiwa useme zimetoka ngapi. Na mzani wenyewe unatetemeka, manake nyota haitulii.

Fomula ni hii tu:

kina = albedo × (r ÷ d)²

r ni nusu kipenyo cha sayari, d ni umbali kati ya sayari na nyota yake. Ukiifikiria ina maana kabisa: sayari inakinga mwanga kulingana na upana wake na vile iko karibu na moto, alafu inarudisha sehemu fulani. Kwenye jedwali mara nyingi hutapewa r na d kwa kilomita, utapewa r ukilinganisha na nusu kipenyo cha nyota, na d vile vile. Usihangaike kubadilisha, gawanya moja kwa nyingine, nyota inajifuta yenyewe.

Tufanye pamoja. LTT 9779 b ni kama Neptuni kwa ukubwa, inazunguka nyota inayofanana na Jua letu kwa saa 19 tu, mwaka mzima saa 19. Kwenye jedwali r ni 0.0455 ya nyota na d ni 3.877 ya nyota. Gawanya: 0.01174. Zidisha kwa yenyewe: 0.0001377, yaani 138 ppm. Hii 138 ndo kina ambacho tungepata kama albedo ingekuwa 1 kamili. Tumepata 115. Kwa hiyo 115 ÷ 138 = 0.83. Jaribu mwenyewe hapo hapo kwenye simu.

Sasa lile kosa langu. Mi nilichukua 0.0455 nikaizidisha kwa yenyewe bila kugawa kwa umbali, nikapata 2070 ppm, 115 ÷ 2070 ndo ile 0.056. Kosa linakuja kirahisi kwa sababu (r ÷ nyota)² ndio kina cha kupita MBELE ya nyota na kila ukurasa wa sayari unakionyesha kwanza, ukiwa na haraka unakidaka hicho. Kumbuka, ikipita mbele inaziba nyota kwa hiyo unalinganisha na upana wa nyota, ikirudisha mwanga unalinganisha na umbali ambao mwanga ulisafiri ukapungua.

Alafu usiishie 0.83 ukaenda kulala kama mimi. Ile 115 ilikuja na plus-minus 24. Nayo hiyo 24 igawe kwa 138, unapata 0.17. Kwa hiyo jibu la kweli ni kati ya 0.66 na 1.0, na hiyo ni baada ya kuangalia sayari ikijificha mara kumi. Kosa la kipimo linapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mara, yaani kwa mara moja tu wangekuwa na plus-minus 76 hivi, jibu lisilosema chochote. Ukitaka kupunguza kosa nusu unahitaji mara nne zaidi, hapo bajeti ya darubini inaanza kulia.

Toa joto kabla hujajisifu

Hapa ndo watu wengi wanadanganyika, hata wazoefu. Sayari iliyo karibu hivyo na nyota yake imechomeka mpaka yenyewe inawaka, kama chuma cha mhunzi. Huo mwanga wake mwenyewe nao unapotea inapojificha. Kwa hiyo zile 115 zina mwanga uliorudishwa NA mwanga wa joto, ukiziita zote albedo umeiba.

Namna ya kukadiria: chukua 14388, gawa kwa (urefu wa wimbi kwa mikroni × joto kwa Kelvini). Iite x. Ung'avu unakwenda kama 1 ÷ (eˣ − 1). Fanya hivyo kwa sayari, fanya kwa nyota, gawanya ya sayari kwa ya nyota, alafu zidisha kwa (r ÷ nyota)², sasa hapa ndo ile 2070 ppm ina kazi yake halali.

Joto la upande wa mchana wa LTT 9779 b lilishapimwa kwa darubini ya Spitzer, liko karibu 2300, na nyota ina 5443. Kwenye mwanga wa rangi ya chungwa, mikroni 0.6, x ya sayari inatoka 10.43 na ya nyota 4.41. Ukimaliza unapata kama 5 ppm tu za joto. Safi. Lakini sogea mpaka mikroni 0.8, mwanzo wa infraredi (mwanga wa joto ambao macho hayauoni), joto linaruka mpaka karibu 22 ppm! Na CHEOPS haichagui, inakusanya kuanzia bluu mpaka kupita wekundu kwa mkupuo mmoja. Ukitoa 5 unabaki na albedo ya 0.80, ukitoa 15 unabaki na 0.73. Ndo maana mi huandika zote mbili na sisemi moja.

Hata ukitoa la juu kabisa, bado sayari inang'aa ajabu. Kwa joto la 2000 na kitu hakuna mawingu ya maji hapo, yangeshakauka zamani, mawingu yaliyopendekezwa ni ya madini, silikati na titani, yaani mvuke wa vitu kama vile vya kioo na chuma unaoganda kuwa vumbi linalong'aa. Baadaye darubini ya James Webb ikaangalia tena kwa makini ikakuta upande wa magharibi wa mchana unang'aa karibu 0.8 na wa mashariki karibu 0.4 tu, manake upepo unabeba joto kuelekea mashariki mawingu yanayeyuka. Kwa hiyo hata hiyo "albedo ya sayari" tunayoitafuta kwa jasho ni wastani wa pande mbili zisizofanana.

Kuna njia nzuri ya kuhakikisha, na mfano wake ni Kepler-7 b. Wa darubini ya anga ya Kepler waliona sayari inarudisha mwanga kama 0.3, na upande mmoja unang'aa kuliko mwingine. Swali likawa ni joto au ni mawingu? Wakaiangalia kwa Spitzer kwenye infraredi, ambako kama ni joto lingeonekana kwa wingi. Halikuonekana la kutosha kueleza ule mwanga. Basi ni mawingu. Hiyo ilikuwa 2013, na kwa mara ya kwanza watu wakachora ramani ya mawingu ya sayari ya nje bila kuiona. Ukiweza kupata vipimo viwili, kimoja cha mwanga wa kawaida na kimoja cha infraredi, umemaliza ubishi mwingi sana.

Upande wa pili wa mizani kuna TrES-2 b. Kwa hii walitumia mwanga wote wa mzunguko, vile unavyopanda na kushuka sayari ikionyesha mchana wake na usiku wake kwetu kama mwezi unavyokua na kupungua, wakapata mabadiliko ya 6.5 ppm tu. Hesabu yetu: r ni 0.125 ya nyota, d ni 7.9, gawanya, zidisha kwa yenyewe, unapata 250 ppm. 6.5 ÷ 250 = 0.026. Nyeusi kuliko makaa, na sehemu ya hizo 6.5 huenda ni joto kwa hiyo ni nyeusi zaidi ya hapo. Ila ukitumia njia hii ya mzunguko mzima jua kwamba sayari kubwa inaivuta nyota ikawa kama yai, na nyota yenyewe inayumba mbele na nyuma, vyote vinabadilisha mwanga kidogo kidogo na vinabidi vitolewe. Hiyo siyo ya kikokotoo tena, hapo tafuta programu.

Na rangi! Albedo ya kijiometri ni ya rangi uliyopimia, siyo ya sayari milele. Sayari ya HD 189733 b ilipimwa na darubini ya anga ya Hubble, 2013, kwenye bluu ikapata 0.40, kwenye kijani chini ya 0.12. Kwa hiyo ni ya bluu. Mtu akikuuliza albedo yake ni ngapi muulize kwanza unataka ya rangi gani.

Njia ya pili: pima joto, kisha rudi nyuma

Saa ingine mwanga haupatikani kabisa, na mfano wangu wa hapa ni wa nyumbani. Ile sayari ya GJ 1214 b iligunduliwa 2009, iko miaka ya mwanga 48 kutoka hapa, na kwenye shindano la kimataifa la kutaja majina timu ya Kenya ndo iliipa jina: sayari inaitwa Enaiposha, nyota yake Orkaria. Ni Kimaasai. Enaiposha ni maji mengi yenye mawimbi, jina la Naivasha limetoka huko huko, na Orkaria ni ile ngeu nyekundu ya kujipaka, jina linalofaa kabisa kwa nyota ndogo nyekundu.

Jaribu njia ya kwanza kwa Enaiposha uone. r ni 0.116, d ni 14.85, kina cha juu kabisa ni 61 ppm, na nyota yenyewe kwenye mwanga wa kawaida ni hafifu kiasi kwamba hizo ppm zinamezwa na mtetemo. Haifai. Na ukijaribu kuangalia mwanga unaopenya hewa yake inapopita mbele, Hubble walifanya hivyo mara nyingi wakapata mstari ulionyooka tu, manake kuna ukungu au mawingu ya juu yameziba kila kitu.

Basi James Webb ikakaa kwenye hiyo nyota mzunguko mzima, saa 38 na zaidi bila kugeuka, ikipima joto tu. Mchana wa sayari ulipata 553 Kelvini, usiku 437. Majibu yalitoka 2023. Sasa hizo namba mbili zinatosha kupata albedo ya Bond na wazo lake ni la kawaida kabisa, ni kama kujua mtu anapata mshahara kiasi gani kwa kuangalia matumizi: joto linalotoka lazima lilingane na mwanga ulioingia. Tunajua nyota inamwaga kiasi gani, tumepima kinachotoka kama joto, kilichopungua ndicho kilichorudishwa.

Hatua ya kwanza, tafuta joto ambalo sayari ingekuwa nalo kama ingekuwa nyeusi tii na ingesambaza joto sawasawa pande zote. Joto la nyota × √(1 ÷ (2 × d)). Orkaria ina 3250, kwa hiyo 3250 × √(1 ÷ 29.7) = 596.

Hatua ya pili:

albedo = 1 − (mchana⁴ + usiku⁴) ÷ (2 × 596⁴)

Kipeo cha nne kwenye simu ni kubonyeza x² mara mbili, namba zitatoka ndefu usiogope. 553 inakuwa bilioni 93.5, 437 inakuwa bilioni 36.5, jumla 130. Chini 596 inatoa 126, mara mbili ni 252. Ukigawa unapata 0.515, kwa hiyo albedo ni 0.485. Timu yenyewe ya wataalamu kwa modeli zao kubwa walipata 0.51 plus-minus 0.06. Nilipofanya hii hesabu kwenye meza ya jikoni nikaona namba inakaribiana hivyo, kwa kweli nilicheka peke yangu.

Kwa hiyo Enaiposha inarudisha nusu ya mwanga wake, na hilo liliwashangaza watu kidogo manake walidhani ule ukungu wake ungekuwa mweusi kama moshi wa taa ya kibatari.

Kosa la kipimo: kwa sababu ya kipeo cha nne, kila asilimia 1 ya kosa kwenye joto inakuwa asilimia 4. Usiku ulikuwa na plus-minus 19, inaonekana kidogo, lakini inaleta 0.025 kwenye albedo, sawa na plus-minus 9 ya mchana ambayo ni nusu yake. Kwa hiyo ukiwa na nafasi ya kuboresha kipimo kimoja, fikiria kwanza kipi kinabeba kosa kubwa.

Sasa kama una joto la mchana peke yake? Hapo unalazimika kukisia kama joto linasafiri kwenda upande wa usiku au halisafiri. Kwa jiwe tupu lisilo na hewa halisafiri, na joto la mchana la jiwe jeusi linakuwa joto la nyota × √(1 ÷ d) × 0.904. Chukua TRAPPIST-1 b: nyota 2566, d ni 20.84, inatoka 508. James Webb ilipima 503. Albedo ni 1 − (503 ÷ 508)⁴, kama 0.04, jiwe jeusi. Vizuri. Lakini kipimo kilikuwa na plus-minus 27 hivi. Weka 476 uone, inaruka mpaka 0.23. Weka 529, inatoka −0.18! Albedo chini ya sifuri haipo, inakuambia tu kwamba data yako haina nguvu ya kutofautisha, kwa hiyo unaandika "kati ya 0 na 0.2 hivi, kama ni jiwe tupu". Na hayo maneno "kama ni jiwe tupu" usiyaache, kwa sababu lile joto lilikuwa la rangi moja ya infraredi, mikroni 15, na walipoongeza ya pili, mikroni 12.8, wakaona kwamba hata hewa ya kaboni dayoksidi yenye ukungu ingeweza kutoa namba kama hizo. Kipimo kimoja, hadithi mbili.

Kuna kitu kingine njia ya joto inakificha. Inachukulia kwamba sayari inatoa joto lake vizuri, kama jiwe au lami. Bati jipya linang'aa, linarudisha mwanga mwingi, lakini liguse saa saba mchana uone kama halitakuunguza: halitoi joto kirahisi, linalishikilia. Ukipima bati kwa kuangalia joto lake tu ungekosea. Sayari nyingi hazina tabia ya bati, ila mchanga na miamba mingine kwenye rangi fulani za infraredi inatoa kidogo kuliko unavyotarajia, na hilo linasogeza jibu.

Kama haijifichi wala haipiti

Proxima b ndo jirani yetu wa karibu kuliko wote na haipiti mbele ya nyota yake kwetu, kwa hiyo hatuna r. Tunajua uzito wake wa chini kabisa tu, kidogo zaidi ya Dunia. Hata siku tukipata mwanga wake, tutakachopata ni albedo × r² kwa pamoja, na sayari ndogo nyeupe inafanana kabisa na kubwa nyeusi. Unachoweza ni kukisia r kutoka kwa uzito, tuseme mara 1.1 ya Dunia, na albedo 0.3, alafu kwa sababu tutaiona nusu imeangazwa kama mwezi wa robo zidisha kwa 0.32. Umbali wake ni kama kilomita milioni 7.3. Inatoka chini kidogo ya sehemu moja kwa milioni kumi. Dunia yenyewe ikiangaliwa hivyo kando ya Jua ni kama sehemu 1.7 kwa bilioni kumi. Fanya hii hesabu hata kama hakuna kipimo, kwa sababu inakuonyesha nani anaweza kupimwa na nani bado.

Ukiandika jibu lako popote, weka albedo ipi, rangi gani, na plus-minus ngapi, na umesema nini kuhusu joto. Na kosa likiwa kubwa kuliko namba yenyewe, usiliite jibu, liite kikomo cha juu. HD 209458 b mwaka 2008 ilipimwa na satelaiti ndogo ya Kanada, MOST, ikapata 0.038 plus-minus 0.045. Ukiona hivyo soma "haizidi 0.1 na kidogo". CHEOPS ilipoirudia 2022 ikapata 0.096 plus-minus 0.016, na hakuna aliyekuwa amedanganya.

Zoezi: tafuta WASP-71 b. Hii walioitaja ni Watanzania, sayari ni Tanzanite na nyota yake ni Mpingo, inazunguka kwa siku karibu tatu. Chukua r na d kutoka kwenye jedwali, upate kina cha juu kabisa kama albedo ingekuwa 1. Alafu hesabu joto lake la sayari nyeusi, utoe ppm za joto kwenye mikroni 0.6 na tena kwenye 0.8, uone kwenye rangi ipi joto lingekuwa limeshaanza kukudanganya.